Skrini ilibaki nyeusi, tukamlaumu mtoto



Mwezi huu tuliombwa tuandike habari za darasa la kompyuta. Tungeweza kuandika kwamba darasa linaendelea vizuri, tukaishia hapo. Lakini kuna jambo lilitokea, na wengi wenu mmeshalisikia kwenye foleni ya maji, tena mmelisikia vibaya. Kuna kijana wetu mmoja ambaye jina lake lilichafuka kwa sababu ya jambo hilo. Waliolichafua ni sisi walimu wake. Kwa hiyo tumeona ni haki tulisafishe hapa hapa, mbele ya watu wote.

Mnajua darasa letu lilikuwa na kompyuta 3 tu kwa wanafunzi 42. Wanakaa wanne wanne kwenye benchi, mmoja anagusa kibodi, wengine wanatazama. Sisi walimu wawili wa kujitolea tukakusanya vipande vya mashine zilizokufa: kasha huku, feni kule, bodi kubwa na prosesa kutoka mashine nyingine, na ramu moja ya GB 4 ambayo tuliletewa ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Tukasema, tuunge kompyuta ya nne kwa mikono yetu. Hakuna kati yetu aliyesomea ufundi huo. Tumemaliza sekondari, basi, na mengine tunajifunza tukiwa tunafundisha.

Tuliiunga Jumamosi, kuanzia asubuhi hadi jua lilipopungua na inverta ya sola ikaanza kulia. Kijana huyo alikuwa pamoja nasi. Alifagia chumba, alitushikia tochi, skrubu zote alizipanga kwenye kifuniko cha sufuria ili zisipotee. Kuna kaspika kadogo, kadogo kama kifungo cha shati, kenye nyaya mbili. Alituuliza, "Mwalimu, na haka?" Tukamjibu, "Weka pembeni, hako ni ka muziki, hakana kazi." Umeme ukawa umekwisha, tukafunga mlango bila kuijaribu mashine.

Jumatatu tulichelewa kidogo kwa sababu ya mvua. Tulipoingia tulikuta wanafunzi wamejaa kwenye ile kompyuta mpya. Feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, lakini skrini ni nyeusi, ina maneno machache tu ya kusema kwamba haipati ishara yoyote, halafu na hayo yakazimika. Tukauliza kwa sauti kubwa, "Nani kagusa?" Kijana yule akanyosha mkono mwenyewe, hakuna aliyemtaja. Akasema, "Ni mimi, Mwalimu, nilibonyeza tu."

Wasomaji, hapo ndipo tulipokosea. Tulimwambia mbele ya wenzake 41 kwamba ameiunguza. Tukamwambia amerudisha nyuma darasa zima, na kwamba asiguse tena kitu chochote mpaka mzazi wake aje. Hatukuwa tumefungua kasha. Hatukuwa tumekagua hata waya mmoja.

Jumanne hakuja shule. Jumatano akaja mama yake. Alitembea kutoka zoni ya mbali na kidumu cha mafuta mkononi, yale mafuta ya mgao wa familia. Akasema, "Walimu, hela sina. Hiki muuze, mengine nitalipa pole pole." Ana watoto watano. Kidumu tulikikataa, hilo tunaweza kulisema. Lakini hatukumwambia kwamba mtoto wake hana kosa, kwa sababu tulikuwa bado tunaamini analo. Mama yule alirudi na kidumu chake huku anaomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwepo.

Mchana ule ule tulikwenda sokoni kwa fundi mmoja anayetengeneza simu na redio. Tulitaka atuambie tu kifaa gani kimeungua. Yeye akatuuliza, "Feni zinazunguka?" Tukasema ndiyo. "Taa inawaka?" Ndiyo. "Na monita mmeijaribu kwenye kompyuta nyingine?" Tukanyamaza. Akacheka kidogo, akasema, "Sasa mmejuaje kama imeungua? Anzeni mlangoni kabla ya kuingia chumbani. Na mbadilishe kitu kimoja kimoja. Mkibadilisha vitatu kwa mara moja, hata ikipona hamtajua kilichoiponya." Hakutudai hata senti.

Alhamisi, baada ya masomo, tukaanza mlangoni kama alivyosema. Tunaandika hatua zote, maana ziko nyumba humu kambini ambako vijana wameanza kufungua mashine, na huenda zikawasaidia.

Kwanza monita. Tuliichomeka kwenye kompyuta ya zamani, ikaonyesha picha vizuri. Basi monita ni nzima. Tukachukua kebo ile ile ya VGA, ile yenye pini 15, tukaangalia kama kuna pini iliyopinda. Hakuna. Kebo nayo ni nzima.

Pili, tundu la kebo. Kuna kompyuta zenye matundu mawili ya picha nyuma: moja kwenye bodi kubwa, lingine kwenye kadi ya picha iliyoongezwa. Ikiwa kadi ipo, kebo huchomekwa kwenye kadi, kwa sababu mara nyingi tundu la bodi hunyamaza. Na ziko prosesa ambazo hazina uwezo wa picha ndani yake kabisa, hizo bila kadi hazionyeshi kitu hata ufanyeje. Yetu haikuwa na kadi na prosesa yake ina picha ndani, kwa hiyo tukapita.

Tatu, umeme wa ndani. Hapa tulizima, tukachomoa waya ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, halafu tukagusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine, maana mwili wa mtu hubeba umeme mdogo usiosikika ambao unaweza kuua vifaa hivi. Pawasaplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme, inatoa plagi kubwa ya pini 24 kwa ajili ya bodi, na nyingine ndogo ya pini 4 au 8 kwa ajili ya prosesa. Watu wengi husahau ile ndogo. Feni zitazunguka, taa zitawaka, lakini prosesa haina chakula na skrini itabaki giza. Yetu ilikuwa imechomekwa. Tukapita. Pawasaplai yenyewe msiifungue hata siku moja, ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya.

Hapo jua likaanza kuzama na bado hatujapata kitu. Mwenzetu mmoja akaona kile kifuniko cha sufuria kwenye dirisha, na ile spika ndogo iko ndani yake. Akauliza, "Hivi haka kweli ni ka muziki?" Tukatafuta kwenye simu kwa bando dogo lililokuwa limebaki. Kumbe hako ndiko kinywa cha mashine! Kompyuta ikiwashwa, kabla ya picha kutokea, inajikagua yenyewe. Ikikuta kasoro na haiwezi kuandika kwenye skrini, inalia kwa kutumia kaspika hako, na milio inahesabika. Maana ya milio inatofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo ni lazima kutafuta maelezo ya bodi yako mwenyewe. Sisi tulikuwa tumekaacha pembeni tangu Jumamosi. Mashine imelia siku nne bila kinywa.

Ijumaa tukakachomeka. Tukawasha. Ikalia mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza, ikalia tena. Kwa bodi yetu ile, maana yake ilikuwa ramu. Tukazima, tukachomoa waya ukutani, tukainama na tochi. Ramu ilikuwa imekaa kwenye tundu lake, na kwa macho ya haraka ungesema imeingia. Lakini upande mmoja kile kibana cheupe kilikuwa kimefunga, na upande wa pili kilikuwa wazi kidogo, nafasi ya ukucha tu.

Tuliitoa. Tuliangalia kama pengo lililo katikati ya meno yake linalingana na tundu, maana ramu za DDR3 na DDR4 hazibadilishani, mapengo yake yako sehemu tofauti, na mtu akilazimisha atavunja. Lilikuwa linalingana. Tukapuliza vumbi la tundu, tukafuta meno ya ramu taratibu kwa raba ya penseli, tukaipungusa, tukairudisha. Safari hii tulibonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba. Ikasikika ta! upande huu, na ta! upande ule. Tukawasha. Ikalia mlio mmoja mfupi, na skrini ikajaa maandishi meupe.

Mnadhani tulishangilia? Hapana. Tulitazamana. Ramu ile tuliiweka sisi, kwa mikono yetu, siku ya Jumamosi. Kijana alikuwa ameshika tochi. Na kubonyeza kitufe cha kuwashia hakuwezi kuing'oa ramu wala kuiunguza. Mashine ilikuwa haijawahi kuonyesha picha tangu tuiunge. Yeye alikuwa mtu wa kwanza tu kuiona ilivyo.

Wazee wetu walisema nyani haoni kundule, huona la mwenziwe. Tumeifundisha methali hii darasani mara nyingi, hata kwenye mtihani tumeiweka.

Jumamosi tulikwenda nyumbani kwao. Mama alitukaribisha, akatutolea kiti kimoja na ndoo moja tukalie, akadhani tumefuata malipo. Tulimweleza mbele ya mtoto wake na mbele ya jirani mmoja aliyekuwa anapepeta maharage: kosa ni letu, mtoto wako hakuharibu kitu, alisema kweli na sisi tukamwadhibu kwa kusema kweli. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Walimu, mimi nilimpiga." Hakusema zaidi, na sisi hatukuwa na jibu la kumpa. Bado hatunalo.

Jumatatu iliyofuata tukayarudia maneno yale mbele ya darasa, kwa sababu pale pale ndipo tulipomwaibisha. Kuomba msamaha chumbani kwa kosa la hadharani ni kulipa nusu ya deni. Tulimwomba atuonyeshe kama anaweza kuitoa ramu na kuirudisha. Aligusa chuma kwanza, kama tulivyomweleza, akaitoa, akairudisha, ta! na ta!, akatuangalia kabla ya kubonyeza kitufe. Tukamwambia, "Bonyeza." Wenzake walipiga makofi, lakini yeye hakutabasamu siku hiyo. Wiki iliyofuata ndiyo alianza kuzungumza nasi kama zamani.

Kwa wale ambao mashine yao itafanya hivi na ramu ikawa imekaa sawa, msikate tamaa. Jaribuni tundu lingine la ramu, na kama mnazo mbili, jaribuni moja moja. Chomoeni waya ukutani, toeni betri ya bodi kwa dakika chache, ile ya mviringo ya volti 3 iitwayo CR2032, kisha mrudishe, maana wakati mwingine mashine inashikilia mpangilio mbaya wa zamani. Angalieni kama kuna skrubu iliyodondoka chini ya bodi na kugusa shaba. Na kila hatua mwandike kwenye daftari.

Sisi tumejiwekea sheria mpya, imebandikwa ukutani kwa karatasi ya manila: "Kagua kwanza, kisha useme." Iko juu ya kompyuta, lakini wanafunzi wameshaanza kutuonyesha kidole kuelekea huko kila tunapouliza nani kapiga kelele. Tunakubali. Hapa kambini watoto wetu wamekwisha kulaumiwa kwa mengi ambayo hawakuyafanya, wengine kabla hawajazaliwa. Isiwe na shuleni.

Kwa hiyo, ninyi mliosikia kwenye foleni ya maji kwamba kuna mtoto aliunguza kompyuta ya shule, tunawaomba mrudishe habari hii kule kule mlikoisikia: hakuiunguza. Kompyuta ni nzima, zipo 4 sasa, na wanafunzi wanakaribishwa kila siku za masomo, jua likituruhusu.

 Ni sisi walimu wenu wa kujitolea wa darasa la kompyuta.