Behewa Lenye Jina

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii nimeikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake iliniingia barabara siku mjomba aliporudi likizo kutoka Chicago akiwa na kisanduku kidogo mkononi. Ndani yake mlikuwa na behewa la garimoshi la rangi ya kijani iliyokolea, urefu wake sentimita 28. Nilicheka. Mtu mzima avuke bahari na kitu cha kuchezea watoto!

Kicheko changu hakikudumu. Mjomba alinieleza kuwa Marekani wako watu wazima wanaojenga reli nzima juu ya meza, kwa kipimo cha 1 kwa 87. Behewa lile lilikuwa mfano wa mabehewa mazito ya kulala ya kampuni ya Pullman, yaliyoundwa kwa chuma katika miaka ya 1910 na 1920. Behewa halisi lilikuwa na urefu wa futi 80 hivi na uzito wa takriban tani 80. Sakafu yake ilimwagwa zege, nalo lilikwenda kwa magurudumu 12, hivyo abiria akalala bila kutikiswa sana.

Mafundi wa mifano hii huhesabu hata ribiti. Hata hivyo, baadhi ya mifano hufupishwa makusudi, maadamu behewa refu haliwezi kupita kona kali za reli ya mezani. Hapo mwanafunzi wa fasihi ndani yangu aliamka. Hakuna kazi ya sanaa inayobeba uhalisia wote. La kuuliza ni nini kilichoachwa nje.

Nikachungulia dirishani. Viti vilikuwamo. Ubavuni mliandikwa jina la behewa kwa herufi za rangi ya dhahabu, kwani mabehewa mengi ya kulala ya Pullman yalikuwa na majina yake. Mtu hakuwamo.

"Mjomba, vitanda vilitandikwa na nani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia. Waliovitandika walikuwa wanaume weusi. Utumwa ulipokomeshwa mwaka wa 1865, George Pullman aliwaajiri wengi waliotoka utumwani. Walibeba mizigo, walipiga viatu rangi, wakakesha abiria wakilala. Katika miaka ya 1920 walitakiwa kufanya kazi kiasi cha saa 400 kwa mwezi. Abiria wengi waliwaita wote "George", kwa jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Chuma kilipewa jina, mtu akanyang'anywa lake! Mwaka wa 1925 waliunda chama chao chini ya uongozi wa A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12 ya mvutano, mnamo 1937, kampuni ikatia saini mkataba nao. Heshima ya kuitwa kwa majina yao ilikuwa miongoni mwa waliyoyapigania.

Mjomba akalirudisha behewa kisandukuni taratibu. Yeye hubeba mizigo ya wageni hotelini.

"Mpwa wangu, kazini mimi huitwa Joe. Walisema langu linawatatiza ulimi. Huu ni mwaka wa kumi na mmoja."

Hakuwa amemwambia yeyote nyumbani, hata nyanya aliyempa jina hilo kwa kumkumbuka baba yake.

Aliporejea Chicago aliniachia behewa. Liko rafuni, kati ya riwaya ninazozihakiki kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilikuwa nimeandika kuwa uhalisia hupimwa kwa wingi wa maelezo. Sura hiyo nimeifuta, naiandika upya.

Juzi mjomba alinipigia simu. Amemwambia msimamizi wake jina lake, silabi baada ya silabi. Msimamizi amelikosea mara mbili, akaahidi kujaribu tena. Mimi silitaji hapa. Ni lake, na yeye ndiye wa kulitaja.