Nesi, andika nimeanguka nyumbani

Mama zangu wa Litapunga, leo tuongee. Juzi dada mmoja alimleta mumewe, Mrundi, mkono umepondwa na mashine kazini. Baba akaninong'oneza, "Nesi, andika nimeanguka nyumbani. Mimi mgeni, sina haki."

Hapana jamani! Mkataba wa ILO namba 19 wa mwaka 1925, ambao Tanzania na Burundi zimeuridhia, unataka mgeni akiumia kazini afidiwe sawa na mwenyeji. Huku kwetu fidia hiyo ni ya WCF. Anayechangia ni mwajiri, mshahara haukatwi.

Ukiandikiwa "nyumbani", umejinyima mwenyewe. Mkono ule ndio unaoleta unga kwa watoto.

Tukaandika "kazini". Na wewe mama, mwambie mwenzio: aseme ukweli hospitali, amjulishe mwajiri mapema.