Sandwichi ya Mayai ya Japani, Jiko la Tanga

Watu waliowahi kuishi Japani wakirudi nyumbani, wengi hawaisemi sana sushi. Wanaisema sandwichi ya mayai, ile ya pembetatu inayouzwa usiku na mchana kwenye maduka madogo ya kila mtaa. Haina kitunguu, haina nyanya, haina pilipili. Mayai, mayonezi na mkate mweupe uliokatwa kingo, basi. Mtu wa pwani ukimweleza hivyo atakuuliza: sasa utamu unatoka wapi?

Unatoka kwenye mkate. Wenyewe huuita shokupan, mkate wa maziwa, siagi na sukari kidogo, na ule wa mraba huokwa ndani ya bati lenye kifuniko ili usipande ovyo. Huuzwa kwa hesabu ya slesi: mkate wa ukubwa uleule hukatwa 4, 5, 6 au 8. Osaka wanapenda slesi nene za tosti, Tokyo wanapenda nyembamba, na kila upande unaushangaa mwingine. Kwa sandwichi chukua za 8. Mkate wetu wa dukani umetengenezwa uwe mwepesi na wa bei nafuu, na haukukosea, kwani safari yake ni kwenye kikombe cha chai. Ukiutia mayai na mayonezi, katikati unalowa na pembeni unakauka.

Ulaini wa shokupan una sababu. Waokaji wengi hutenga sehemu ya tano ya unga, wakaumwagia maji yanayochemka ya uzito uleule, wakakoroga na kuulaza frijini hadi kesho. Taiwan na Hong Kong hupika uji mzito, unga sehemu 1 kwa maji 5, hadi nyuzi 65 hivi. Kazi ni moja: wanga ulioiva hushika maji mengi zaidi, na mkate hubaki laini hata siku ya pili. Hapa ndipo wapishi wa kwetu watacheka, maana chapati za maji ya moto wamezikanda tangu zamani kwa sababu hiyohiyo. Tulichokosa ni kuupeleka ujuzi huo kwenye mkate.

Basi mwagia gramu 60 za unga wa ngano maji ya moto gramu 60, funika. Kesho yake changanya na unga gramu 240, maziwa mililita 160, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi kijiko cha chai na hamira kijiko cha chai na nusu. Siagi gramu 25 iingie mwisho. Kanda mpaka donge livutike kama utando bila kukatika. Unga wetu mwingi hauna nguvu sana, kwa hiyo usionee huruma mikono. Acha uumuke mara mbili. Asiye na oveni atumie sufuria nene na moto juu na chini, kama anavyooka mkate wa mayai. Mraba hutaupata, ulaini utaupata.

Mayonezi ya Kijapani ya Kewpie, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, hutiwa viini tu bila ute, ndiyo maana ni nzito. Mimi huchukua ya kawaida, nikaponda ndani yake kiini cha yai lililochemshwa, siki matone machache, sukari kidogo na chembe za ajinomoto. Ya kujitengenezea kwa mayai mabichi siipendekezi. Wajapani huyala mabichi kwa sababu mayai yao huoshwa, hukaguliwa na kupewa tarehe kwa ajili hiyo. Ya gengeni kwangu hata muuzaji hajui yalitagwa lini.

Kwenye mayai yenyewe, lakini, tunawashinda. Ya kuku wa kienyeji yana kiini cha rangi kali bila kubembelezwa, wakati wafugaji wa kule huwapa kuku paprika kuipata rangi hiyo. Chemsha dakika 10, ponda viini na mayonezi, ute uukate vipande. Paka siagi hadi pembeni ili mkate usilowe, weka mayai, funga, subiri kidogo, ndipo ukate kingo kwa kisu kikali.

Kachumbari? Iweke kando ya sahani. Ikiingia ndani, umetengeneza chakula kingine, kizuri pengine, lakini si hiki. Na kwa joto la Tanga, sandwichi ya mayonezi isikae mezani zaidi ya saa moja. Ile, au irudishe frijini.