Majibu Yangu Yametoka

Kwa Kiswahili cha mtaani mtu haugui, anaumwa. Neno kuugua lipo, lakini tumeliachia magazeti na matangazo ya msiba. Sisi wengine tunaumwa, na kuumwa ni kauli ya kutendwa: kuna kitu kinauma na mimi ndiye ninayeumwa nacho. Ndiyo maana ukimwambia mtu wa kwetu kwamba unaumwa, haishii hapo. Atauliza, "Unaumwa nini?" Na wewe unatakiwa uwe na cha kumtajia: kichwa, tumbo, malaria, sukari, presha. Ukisema hujui, mazungumzo yanakwama. Ama unadeka, ama kuna mtu amekutazama vibaya.

Ongeza na neno la maabara. Mwanafunzi hupata matokeo, timu ya mpira hupata matokeo, lakini mgonjwa hupata majibu. "Majibu yametoka?" "Majibu yanasemaje?" Kana kwamba ile damu iliyojazwa kwenye kichupa ilikuwa swali, na huko ndani kuna mtu amekaa analifikiria. Nimeyawaza maneno haya kwa karibu miaka miwili sasa, kwa sababu muda wote huo nimeumwa bila kuwa na cha kutaja, na majibu nimeyapata mengi sana.

Naishi Houston, Marekani, na nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwa miaka sita nilikuwa zamu ya usiku, maana usiku wanaongeza kidogo kwenye saa, na hiyo kidogo ndiyo iliyokuwa inakwenda Muheza kwa mama. Uchovu wa kuchoka naujua. Nimelima, nimebeba maji kichwani, nimegeuza wazee kitandani wenye uzito mara mbili yangu. Huu ulikuwa mwingine. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Vidole vinakaza. Nasimama mbele ya droo ya jikoni natafuta jina la kijiko, kwa Kiswahili silipati, kwa Kiingereza silipati. Halafu vitabu vikaanza kunikataa. Nasoma ukurasa, nafika chini, sijui juu walisema nini. Narudia. Mara ya nne nakifunga. Miguu mizito ningeivumilia, lakini hili la vitabu lilinitisha.

Daktari wa kwanza alinipa robo saa, na sitaki kumsema vibaya, kwani robo saa ndiyo aliyopewa naye. Akaagiza vipimo: picha nzima ya damu, wastani wa sukari wa miezi mitatu, thairoidi, akiba ya chuma, figo, ini, vitamini D. Wiki moja baadaye majibu yakatoka, yote ndani ya mstari. "Habari njema," akasema, na alimaanisha. Nikatoka na habari njema mkononi na miguu ile ile.

Huo mstari nao nilikuja kuusoma baadaye. Kwa vipimo vingi, maabara hupima watu wanaohesabika kuwa wazima, kisha huchukua asilimia 95 ya katikati na kuiita kawaida. Maana yake ni kwamba mtu mzima mmoja kati ya 20 atakuwa nje ya mstari, na haumwi kitu. Maana yake tena, ukimpima mtu mzima vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ni kama asilimia 64. Ukipima vitu vingi vya kutosha, hakuna binadamu atakayetoka salama. Na upande wa pili: kuwa ndani ya mstari kunasema unafanana na wengi. Hakusemi umelalaje jana.

Aliyenielekeza kwingine ni mwenzangu wa kazini, dada mmoja wa Bukavu. Aliniona nimeegemea ukuta saa kumi za usiku akasema, "Dada, nenda kule, kule watakusikiliza." Kule kulikuwa kwa mtaalamu wa mkondo ambao Wamarekani wanauita functional medicine. Wanachojinadi nacho ni kutafuta mzizi wa tatizo badala ya kutuliza dalili. Nilipomweleza mama kwa simu kwamba naenda kwa watu wanaotibu mizizi, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe na Marekani mizizi ipo? Basi ungerudi tu, huku tunayo shambani."

Si watu wa uchochoroni. Taasisi yao kuu ilianzishwa mwaka 1991 na Jeffrey Bland, mtaalamu wa kemia ya viumbe, pamoja na mkewe Susan. Mwaka 2014 Cleveland Clinic, moja ya hospitali kubwa za Marekani, ilifungua kituo chake cha tiba hiyo. Wapo madaktari kamili humo. Wapo pia wenye cheti cha wiki chache na duka la vidonge. Mgonjwa akiwa mlangoni, hana namna rahisi ya kuwatofautisha.

Yule niliyemwona mimi alinipa dakika 90. Sijawahi kupewa dakika 90 na mtu yeyote mwenye koti jeupe. Aliniuliza nilizaliwaje, nilinyonya miezi mingapi, niliwahi kuugua nini utotoni, nalala saa ngapi, nakula nini, baba alikufa na nini. Nilipofika kwa baba nililia kidogo, akasogeza boksi la tishu bila kutazama saa. Kama angeishia pale akanidai hela, ningemlipa na kumshukuru.

Hakuishia pale. Akaagiza vipimo ambavyo bima haikugusa hata senti moja, na jumla yake ikapita dola 900. Damu, ya kuangalia vyakula 96 ninavyodaiwa kutopatana navyo. Mate, ya kutemea kwenye vichupa vinne kwa siku nzima, kupima homoni ya kotisoli. Na choo, ambacho nilikifungasha na kukituma kwa posta. Mama sikumwambia.

Majibu yalipotoka yalikuwa kijitabu cha kurasa 34, chenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Baada ya miezi minane ya kuambiwa sina kitu, nilikishika kama mtu aliyeletewa barua iliyopotea. Nikafungua kurasa za vyakula. Kwenye nyekundu: nazi, maharage, ndizi, mayai, ngano, kitunguu saumu. Kwenye njano: mchele, tangawizi, nanasi, chai. Nikasoma mara ya pili. Kwenye kijani, yaani vyakula salama kwangu, kulikuwa na vitu ambavyo sijawahi kuvitia mdomoni, vingine hata sura yake siijui.

Mtu mwingine angeona orodha ya sumu. Mimi niliona jiko la mama. Wali wa nazi, maharage ya nazi, ndizi za kupika, chapati, chai ya tangawizi. Ungeweza kumpa mpishi yeyote wa Tanga karatasi ile, bila jina langu, akakwambia huyu ni mtu wa wapi.

Kumbe ndivyo kipimo chenyewe kinavyofanya kazi. Kinapima kingamwili za aina ya IgG, na mwili wa mtu mzima huzitengeneza dhidi ya vyakula kwa sababu tu amekutana navyo. Ukila kitu mara kwa mara, alama yake inaonekana. Aina yake ndogo iitwayo IgG4 huhusishwa zaidi na mwili kukizoea chakula kuliko kukikataa. Ni tofauti na IgE, ile ya mzio halisi wa karanga au samaki. Ndiyo maana wataalamu wa mzio wa Ulaya mwaka 2008, na wa Kanada mwaka 2012, walitoa tamko kwamba kipimo hicho kisitumike kutafuta chakula kinachomdhuru mtu. Kwa hiyo maabara haikunidanganya. Ilisoma nilichokula maisha yangu yote, ikakisoma vizuri tu. Ila ilipomaliza, ikakipaka rangi nyekundu.

Kwa wiki sita niliishi bila vya kwenye nyekundu. Wiki mbili za mwanzo niliona nafuu, kisha nafuu ikaenda zake. Kilichobaki ni ukimya wa jikoni. Mama akipiga simu akiuliza nimepika nini, nilikuwa namtajia majani.

"Na nazi?"

"Nimekatazwa, mama."

Akanyamaza. Halafu akauliza taratibu, kama anayemtetea ndugu yake, "Nazi imekukosea nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, mimi mwenye majibu ya kurasa 34.

Kurasa za mate nazo zina kisa chake. Kotisoli ya mtu wa kawaida hupanda alfajiri, ikafika kileleni muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka siku nzima mpaka usiku wa manane. Mchoro wangu ulikuwa umelala chali kama barabara ya Dodoma. Nikaambiwa tezi zangu za adrenali zimechoka, na kuna vidonge vyake, vinauzwa pale pale. Lakini chama cha madaktari wa homoni cha Marekani hakiutambui ugonjwa huo wa "adrenali kuchoka", na uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 haukupata ushahidi kwamba upo. Maelekezo ya kipimo yalisema kichupa cha kwanza utemee "asubuhi, ukiamka". Asubuhi ipi? Mimi nilikuwa nafika nyumbani saa mbili asubuhi, nalala saa tatu, naamka saa tisa alasiri. Nikafuata saa ya ukutani kwa sababu ndiyo iliyoandikwa. Mate yangu yalieleza maisha ya mtu anayelala mchana na kukesha usiku kwa miaka sita, na hilo nalo lilikuwa kweli tupu. Likapewa jina la tezi.

Nimekaa na hizi karatasi mbili mezani, ya daktari wa kwanza na ya mtu wa mizizi, nikazisoma kama ninavyosoma vitabu viwili vinavyobishana. Ya kwanza ni fupi, kavu, inasema: hatujaona kitu. Ya pili ni ndefu, ina rangi, ina mhusika mkuu, ina adui, ina mwisho mwema unaoletwa na posta kila mwezi. Mtu aliyeumwa miezi minane bila jina hawezi kulaumiwa kwa kupenda ya pili. Mimi ni msomaji, hadithi naijua inavyovuta. Na ile ya pili ilianza na kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho kabisa: mtu aliyeuliza.

Susan Sontag, kwenye Illness as Metaphor ya mwaka 1978, alitaka tuuvue ugonjwa mafumbo tunayouvisha, tuutazame kama ugonjwa tu. Aliandika baada ya kutibiwa saratani ya titi, ingawa ndani ya kitabu hajitaji. Namwelewa, lakini saratani ina jina. Asiye na jina la kuvua afanyeje? Hapo namwona mshairi Meghan O'Rourke, ambaye The Invisible Kingdom yake ya mwaka 2022 inasimulia miaka ya kuzunguka kwa waganga na madaktari wa kila aina na maradhi yasiyoonekana kwenye karatasi. Kitabu kile nilikisoma vipande vipande, kurasa tatu kwa siku, na kilinitosha kujua kwamba asiyeonekana hayuko peke yake.

Ninachokiamini sasa ni kidogo. Kipimo si mtu, hakiwezi kujibu. Kinasoma alama moja na kuitaja. Kuunganisha alama hiyo na usiku wako, sahani yako na msiba wako ni kazi ya mtu aliyekaa na wewe, na kazi hiyo ndiyo ghali na ndiyo isiyolipwa na bima. Wa kwanza alikuwa na vipimo vya kuaminika bila muda. Wa pili alikuwa na muda, akaufunga kwenye vipimo na vidonge kwa sababu ndivyo vinavyouzika. Dakika 90 zile ndizo zilizokuwa dawa, lakini hakuna aliyeziandika kwenye risiti.

Niliporudi kwa daktari wa kwanza nilibeba daftari. Kurasa mbili, mwandiko wangu: nalala lini, naamka lini, maneno yanapotea saa ngapi, vidole vinakaza siku zipi. Alilisoma lote. Robo saa ikawa nusu saa, wa nyuma yangu akasubiri. Akanipeleka kwenye kipimo cha usingizi, na akaandika barua kazini. Tangu Machi niko zamu ya mchana. Kinachokwenda Muheza kimepungua, na mama anasema hana neno, ingawa najua bei ya mchele huko.

Uchovu haujaondoka. Umepungua, na siwezi kusema ni kwa sababu ya usiku kuisha, au kwa sababu ya muda, au kwa sababu nimerudia nazi. Ukiniuliza leo naumwa nini, bado sina neno moja la kukupa. Ila mwezi uliopita nilimaliza riwaya nzima, kurasa 212. Ilinichukua siku 19.