Mchwa Walinitoa, Msingi Ukanirudisha

Fedha ya kwanza niliyoitumia katika nyumba ninayoishi sasa ilimwagwa ardhini. Hakuna mgeni atakayeiona wala kuisifia, lakini ndiyo iliyonirudisha kwenye kiwanja changu baada ya mchwa kunitoa.

Mume wangu alipostaafu, kiinua mgongo chake tulikinunulia nyumba pembezoni mwa Dodoma, enzi zile Serikali ilipokuwa inahamia na kila mtu anatafuta pa kukaa. Ilivutia: sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu, rangi mbichi. Kuta zilikuwa za tofali mbichi zilizofichwa kwa plasta. Chini ya sakafu aliyeijenga alikuwa amefukia visiki na vipande vya mbao za kukingia zege, juu ya udongo ambao haukuwahi kuonja tone la dawa. Hayo tuliyajua siku ya kubomoa.

Mume wangu alifariki kabla adui hajajitokeza. Nilikuwa bado kwenye eda ya moyo, sina hamu hata ya kufagia, nilipogonga fremu ya mlango wa chumbani ikalia kama debe tupu. Nyuma ya kabati nikakuta vijia vya udongo vimepanda ukutani hadi darini. Sanduku la marehemu nilipolifungua, vyeti vyake vya kazi na cheti chetu cha ndoa vilikuwa chengachenga. Nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Tukahangaika. Tulimwaga mafuta ya taa, oili chafu, majivu. Vijana wakafukua kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo, wakamtoa malkia, mnene kama kidole cha mtu mzima, majirani wakashangilia. Mchwa wakaendelea kula. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe lilikuwa kenchi za paa langu. Fundi aliyepanda kukagua alishuka na vumbi la mbao kiganjani, akaniambia, “Mwalimu, usilale tena humu.” Usiku ule nilihamia chumba cha kupanga na wajukuu wangu, vyombo vikabaki kwa jirani.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyewahi kusimamia majengo ya umma. Alinieleza kwamba mchwa wanaotafuna ni vipofu na ngozi yao ni laini. Hewa kavu huwaua, ndiyo maana hujenga vijia vya udongo wapite humo na unyevu wao. Saruji hawaili, ila ufa mwembamba au mwanya unaozunguka bomba unawatosha kupenya. Na eneo moja linaweza kuwa na makundi mengi chini ya ardhi, mengine hayana hata kichuguu cha kuonekana. Ukimtoa malkia mmoja, wenzake hawana habari. “Mama,” alisema, “huwezi kuwamaliza mchwa wa Dodoma. Unachoweza ni kuwafungia mlango wa chini, na mlango huo hufungwa kabla zege halijamwagwa.”

Nyumba iliyosimama nayo hutibiwa: sakafu hutobolewa kandokando ya kuta, dawa ikaingizwa chini, matundu yakazibwa. Kwangu hapakuwa na cha kutibu. Tukabomoa, tukaokoa bati na madirisha.

Wanawake wenzangu wa kikoba walinikopesha, na ugomvi ukaanzia hapo hapo. Shemeji yangu alisema, “Shemeji, hiyo hela ya dawa si ungeongezea tofali?” Nilimheshimu, ila sikumfuata. Katika makubaliano na fundi niliandika kwamba malipo ya msingi yatatoka baada ya dawa kupigwa mbele ya macho yangu.

Kwanza tuling'oa visiki na mizizi yote, tukaipeleka mbali na kiwanja. Mtaro wa msingi ulipokamilika, mpuliziaji akalowesha sakafu yake na pande zake. Msingi ukajengwa, tukajaza moramu isiyo na mizizi wala vipande vya miti, ikashindiliwa. Ndipo ikaja kazi kubwa: kunyunyizia eneo lote litakalobeba jamvi. Kwa kawaida huhitajika lita 4 hadi 5 za dawa iliyokwisha changanywa kwa kila mita ya mraba, na kipimo cha kuchanganya ni kile cha kwenye lebo. Nilisimama nikihesabu ndoo. Pembezoni mwa kuta na mahali mabomba yanapopenya paliongezewa. Siku hiyo tulichagua isiyo na dalili ya mvua, nailoni ikatandazwa mara dawa ilipozama, na zege likafuata bila mtu kuchimbua tena. Ukichimbua udongo uliotiwa dawa, umefungua mlango upya.

Mtu mmoja alitaka kuniuzia dawa ya chupa isiyo na lebo, akiisifia kuwa ni ya “zamani, kali.” Mzee alinikataza. Sumu za zamani kama aldrini na dieldrini zimo katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa sababu hukaa ardhini miaka mingi na kuingia kwenye miili ya watu. Nilinunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na wajukuu hawakukanyaga pale hadi kazi ikaisha.

Mbao za kukingia zege zilitolewa zote. Kenchi ni za mbao zilizotiwa dawa kiwandani, na kila ncha iliyokatwa ilipakwa tena. Mwisho, udongo wa nje ulipokwisha sawazishwa, ukingo wa nyumba ukapigwa dawa. Msingi tuliuacha wazi zaidi ya sentimita 15 juu ya ardhi, pasipo bustani wala kuni za kuegemeza, ili kijia kikipanda nikione.

Namshukuru Mungu, tumerudi nyumbani. Kumbikumbi bado wanaruka mvua za kwanza zikinyesha, na mimi bado nazunguka msingi wangu na tochi.

Mwenzangu unayetaka kujenga, kabla hujauliza bei ya bati, uliza dawa ya msingi itapigwa lini na nani atasimamia. Fundi akikujibu kwamba itapigwa nyumba ikiisha, mwambie zege lisubiri.