Safari ya Tabora na Watoto Wangu

Likizo ya mwezi wa Juni ikaribiapo, wanafunzi wangu huniuliza, "Mwalimu, utakwenda wapi?" Nami hujibu siku zote, "Shambani." Mwaka huu nimejibu, "Tabora." Nataka kuwaeleza jinsi safari hiyo ilivyopangwa nyumbani kwangu hapa Kapalamsenga, maana katika kuipanga nilijifunza mambo nisiyoyatazamia.

Kwanza sina budi kukiri kosa langu. Mwaka jana niliwaahidi watoto wangu wanne kwamba, tukisha kuvuna mpunga, nitawapeleka Tabora wakauone mji wa kale. Mpunga ukavunwa, ukauzwa, fedha ikawa tayari. Ndipo jirani mmoja akatangaza kuuza kipande cha shamba kilichopakana na langu. Nikakinunua, nikawaambia watoto, "Tutakwenda mwakani." Sikuona ubaya wowote, kwa kuwa shamba ni la kuwalisha wao wenyewe.

Hata siku moja nikamsikia mwanangu wa miaka tisa akizungumza na wenzake nje ya nyumba. Walimwuliza habari za mpira ambao nilisema nitamnunulia Mpanda. Akawajibu, "Mambo ya baba ni ya mwakani." Hakusema kwa hasira wala kwa huzuni. Alisema kama mtu asemaye kwamba jua hutua upande wa ziwa. Neno hilo likanichoma. Methali ya "Ahadi ni deni" nimeiandika ubaoni mara nyingi, na wanafunzi wameinakili kwa hati nzuri. Kumbe nyumbani kwangu mimi ndimi mdaiwa.

Basi mwaka huu tulianza kwa njia nyingine. Fedha ya safari iliwekwa katika sanduku dogo la bati, na ufunguo akaushika mama watoto. Hesabu akaiandika binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, katika daftari lake. Kila Jumamosi jioni aliwasomea wadogo zake: wiki hii kimeingia kiasi gani, na kimebaki kiasi gani. Watoto wakaona kwa macho yao, nami nikaona haya kuligusa sanduku.

Fedha ilipokaribia kutosha, niliketi kuandika mambo ya kuonyeshwa. Mji wa Tabora una habari nyingi. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika huko, na pembe za ndovu zilipita, na watumwa wakapita. Huko Mtemi Isike alipigana na Wadachi, akajilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893 kuliko kushikwa. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika huko mwaka 1912. Huko Mwalimu Julius Nyerere alisoma tangu 1937 hata 1942, tena akarudi kufundisha katika shule ya St. Mary's kabla ya kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Huko mkutano wa TANU wa Januari 1958 ulikata neno la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, neno linaloitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Na nje kidogo ya mji ni Kwihara, yenye nyumba ya tembe alimokaa Dkt. Livingstone. Nikaandika mahali tisa kwa siku mbili, nikafurahi.

Mama watoto akaisoma karatasi yangu, akairudisha. "Baba watoto," akasema, "karatasi hii ni ya mkaguzi wa shule. Yule mdogo ana miaka minne. Atakapochoka saa tano za asubuhi, utambeba wewe au atabebwa na Mtemi Isike?"

Nilicheka, lakini alikuwa na haki. Tukaikata karatasi. Tulikubaliana kwamba kila asubuhi tutaona jambo moja tu, wakati jua halijawa kali. Mchana ni kula na kupumzika, na jioni ni kutembea bila haraka. Tena tulikubaliana kila mtoto achague jambo lake moja. Binti mkubwa alichagua shule aliyosoma Nyerere. Yule wa miaka tisa alichagua stesheni, auone mgawanyiko wa reli, moja iendayo Kigoma na moja Mwanza. Wa tatu alichagua maembe, kwa kuwa amesikia sifa za miembe ya Tabora. Nikamweleza kwamba mwezi wa Juni si wakati wa maembe. Akanuna kidogo, kisha akachagua asali. Mdogo kabisa alisema yeye ataka kulala ndani ya treni, na kwake hiyo ndiyo Tabora.

Kwa sababu yake tutakwenda kwa treni ya Mpanda, ipitayo Kaliua. Reli hiyo ya kilomita 210 kutoka Kaliua ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Leo huchukua watu na mazao. Kurudi tutapanda basi la njia ya Inyonga na Sikonge, maana ni upesi zaidi, na watoto wakirudi huwa wamechoka. Tutalala siku mbili kwa ndugu wa mama watoto, nasi tutachukua mchele wetu. Wazee walinena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tutaondoka kabla jembe halijatolewa.

Mimi nilichagua Kwihara. Usiku mmoja nikawasimulia habari zake ili wasifike kama vipofu. Nikasema kwamba Livingstone na Stanley walitoka Ujiji, wakafika huko Februari 1872. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa Machi, naye Livingstone akangoja wapagazi mpaka Agosti. Kisha akashika njia mpaka ziwa letu hili la Tanganyika, akafuata ufuko kwenda kusini, akafa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake, wakapita nao Tabora, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Na huyo Chuma mwenyewe alikuwa mtoto aliyeokolewa katika mikono ya wauza watumwa mwaka 1861.

Mwanangu wa miaka tisa akauliza, "Baba, nyumba ya Livingstone ipo. Na wale waliobeba mizigo, nyumba yao iko wapi, tukaione?"

Nikanyamaza. Nimefundisha habari hizo miaka mingi, wala sijaulizwa swali hilo. Nikamjibu kwamba wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliobeba kwa mshahara, nao walikuwa na nyumba zao vijijini. Lakini wengine walipita wamefungwa minyororo, na hao hawakuachiwa nyumba ya kuonyesha. Nikataka kugeuza maneno, kwa kuwa niliona habari hiyo ni nzito kwa watoto.

Ndipo mama watoto, aliyekuwa akichagua mchele, akasema bila kuinua macho, "Mmoja wao alipita akaja huku. Ni bibi yake bibi yangu. Alikuwa mtoto, akakombolewa, akalelewa Karema. Kabila lake hakulijua."

Ndugu wasomaji, nimeishi na mke wangu miaka kumi na minne, na habari hiyo sikuijua. Nilijua ukoo wake ni wa Karema. Zaidi ya hapo sikuuliza, naye hakusema, maana kwao waliona haya kuitaja. Watoto hawakulia, wala hawakuogopa kama nilivyodhani. Binti yangu alisogea tu, akaanza kuchagua mchele pamoja na mama yake.

Mama watoto alikuwa hajachagua jambo lake. Usiku ule akalichagua: tuanze Karema, karibu na nyumbani, kisha ndipo twende mbali. Tukaenda Jumamosi iliyopita. Niliwaeleza watoto kwamba kituo cha Karema kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, kikapokewa na Mapadre Weupe mwaka 1885. Niliwaeleza habari za Adriani Atiman, aliyezaliwa nchi ya Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga kisiwani Malta, kisha akawatibu watu wa Karema miaka zaidi ya 60 mpaka alipofariki mwaka 1956. Nilisema mengi kama desturi ya walimu. Mama yao alisimama kimya muda mrefu. Mwanangu akamwuliza, "Mama, yule bibi alipofika hapa alikuwa mkubwa kama nani?" Akamjibu, "Pengine kama wewe."

Tangu siku hiyo nimeiona safari yetu kwa namna nyingine. Nilidhani nawapeleka watoto kutazama mambo ya watu wengine, kumbe twafuata njia ambayo mmoja wa kwetu aliipita kwa miguu bila kuitaka. Kama ningewapeleka mwaka jana kwa karatasi yangu ya mahali tisa, wangerudi na majina na miaka tu, na bibi yule angekaa kimya kama zamani.

Kwa hiyo, ninyi wazazi mtakao kuwapeleka watoto kuona mji wa kale, nawashauri machache. Fedha iwekeni mahali watoto waonapo. Mambo ya kuona yawe machache, na mtoto naye achague lake. Ulizeni mapema stesheni, maana siku za treni hubadilika. Na kabla ya kufunga mizigo, waulizeni wazee wa nyumbani kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyepita njia hiyo. Mtoto akiuliza jambo zito, mjibuni kweli kwa maneno ya kadiri yake.

Sisi twaondoka Jumatatu. Jana jioni binti yangu alisoma hesabu ya mwisho, mama yao akafungua sanduku, tukazihesabu fedha mbele ya wote, na zilitimia. Mwanangu wa miaka tisa hakusema neno. Lakini asubuhi nilikuta kitambaa kimefungwa fundo, kimewekwa karibu na mlango. Ndani yake mlikuwa na shati lake na kandambili zake. Amekwisha kufungasha, na siku bado tatu.

Wasalaam,
Mwalimu wa Kapalamsenga