Unga wa Mninga

Jumatatu, 7 Julai 2025 (Saba Saba)
Sikukuu yote nimeshinda bandani. Kasha la shangazi limefika hatua ya msasa. Nimeendesha mashine saa nzima, dirisha na mlango wazi ili upepo upite. Umepita kweli. Kusi imeingia dirishani, ikatokea mlangoni na unga wote wa mninga, ikamkuta shangazi barazani na ungo wake wa mchele.
"Mwanangu, hilo kasha ni la kuwekea kanga au la kunizikia?"
Nikacheka. Kumbe mwenzangu anatafuta dawa yake ya pumu.

Jumanne, 8 Julai
Kamasi za asubuhi zina rangi ya mninga. Nimepitisha kidole juu ya mfuniko wa mtungi wa barazani: kimeacha mstari.

Jumamosi, 12 Julai
Nimepita kwa seremala wa njia panda. "Randa haina neno, bwana. Maranda yanadondoka. Msasa ndio unaorusha." Amenionyesha anavyokwangua mbao kwa kipande cha kioo: vinatoka vinyweleo vyembamba, vinaanguka miguuni pake.

Usiku nimejaribu jambo. Nimepiga msasa dakika kumi, nikazima mashine, nikazima taa, nikawasha tochi. Ndani ya mwanga chembe zimejaa kama dagaa kwenye karabai. Nimerudi baada ya nusu saa, bado zinaelea. Na mimi siku zote mashine ikinyamaza tu, navua barakoa, nashika ufagio!

Jumapili, 13 Julai
Nimesoma mpaka macho yameuma. Unywele una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe zinazoshuka kifuani ni zile zisizofika 10. Basi ninachofagia sicho kinachoniumiza, na ufagio unakirudisha hewani kile kinachoniumiza. Tangu 1995 IARC, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, wameliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na moshi wa tumbaku. Mimi nisiyevuta sigara.

Barakoa ya kitambaa basi. Nimenunua N95. Ndevu zinaiachia mwanya mashavuni, nimezinyoa. Shangazi anauliza nina posa wapi.

Jumapili, 20 Julai
Ndoo ya rangi ya lita 20. Mpira mmoja unatoka kwenye mashine ya msasa na kuingilia ubavuni, hewa inazunguka, unga mzito unadondoka chini. Mpira wa pili unatokea katikati ya mfuniko kwenda kwenye mashine ya kufyonza. Mara ya kwanza mpira uliziba, ndoo ikajikunja kama kopo lililokanyagwa. Nimepata nyingine, ngumu zaidi.

Kosa jingine la miaka: karatasi ya msasa ina matundu, na kitako cha mashine kina matundu. Nilikuwa nabandika ovyo, hayakutani. Leo nimeyalinganisha. Ndoo imepata unga wa kujaza vibaba viwili, ambao zamani ulikuwa wetu sote nyumbani.

Jumamosi, 26 Julai
Tochi tena. Chembe zimepungua sana, hazijaisha. Zile ndogo kabisa ndoo haizishiki.

Kusi siwezi kuigeuza, lakini meza inabebeka. Nimeihamishia kaskazini mwa nyumba, kwenye kiwanja cha mihogo, na ekstensheni ndefu. Mgongo kwa upepo ni kosa, unga unazunguka kifuani na kupanda usoni, nasimama ubavu. Novemba kaskazi ikianza, meza itahama tena.

Jumapili, 3 Agosti
Kitambaa kibichi badala ya ufagio. Nguo za kazi zinabaki bandani. Barakoa inavuliwa nje, mwisho wa yote.

Shangazi anasema babu alilainisha mipini ya majembe kwa majani ya mti wa msasa, ndiko jina lilikotoka. Hakumbuki babu akikohoa. Hakuwa na mashine, nimemwambia. "Wala haraka," akajibu.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)
Kasha limekwisha. Mfuniko nimeukwangua kwa kioo, kisha msasa namba 240 kwa mkono, taratibu, asubuhi nzima.

Shangazi amerudi barazani na ungo wake. Amepitisha kidole juu ya mfuniko wa mtungi, akakitazama, akaendelea kuchambua mchele.